Ukuta wa Upande wa Juu

Jumatano, Machi 4

Masika yameanza leo mchana, nami nimeanza kukaa mezani. Nimetandaza vikaratasi vyangu kwenye meza ya kulia ya baba, hapa Machame, na mpaka mwisho wa Mei sina kazi nyingine isipokuwa kupanga sura za tasnifu yangu ya udaktari. Utafiti umekwisha. Nyumba nimezipima, wenye nyumba nimewahoji, picha ninazo hadi za kuwagawia majirani. Kilichobaki, kwa maneno ya msimamizi wangu Profesa Beatha, ni "mpangilio wa sura tu". Aliyelitunga hilo neno "tu" hakuwahi kuandika tasnifu.

Tasnifu inahusu nyumba za mawe na matofali zilizojengwa huku mlimani baada ya uhuru, watu walipoacha misonge na kuitia hela ya kahawa kwenye kuta. Moyo wake ni sura ya nne, na sura ya nne ni nyumba hii niliyomo. Aliijenga baba, Mzee Yoramu. Tulimzika Januari, hapo mbele karibu na barabara, kama alivyoagiza mwenyewe. Sijalia. Watu walidhani najikaza. Sikuwa najikaza, hapakuwa na cha kukazia.

Alhamisi, Machi 5

Mvua. Nimepanga sura kwa miaka.

Ijumaa, Machi 6

Kwa miaka imeshindikana. Nyumba za huku zinaanzwa kijana akioa, zinaezekwa kahawa ikipanda bei, zinapigwa plasta mwenyewe akistaafu. Ukiuliza imejengwa mwaka gani unaambiwa, "Bado." Nimevirudisha vikaratasi kwenye boksi.

Jumatatu, Machi 9

Mama aliomba meza amenye ndizi. Nilimwambia asubiri kidogo. Akamenyea chini, kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akinyeshewa nusu.

Ijumaa, Machi 13

Nimepanga upya, safari hii kwa vifaa: mawe, matofali ya kuchoma, bloku. Nilimtumia Profesa muhtasari, akanijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake honi za Dar.

"Winfrida, hii si tasnifu, hili ni duka la vifaa vya ujenzi. Nyumba njema si mlango, mama. Fungua uingie ndani."

Nimo ndani tangu Januari. Nimemjibu nashukuru kwa maoni.

Jumamosi, Machi 14

Mvua. Ng'ombe anakohoa.

Alhamisi, Machi 19

Isack amepiga simu. Ni mdogo wangu, kitinda mimba, anauza vipuri vya magari Dar. Kwa mila yetu nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba, na mimi mtoto wa kike ni mgeni anayekaribishwa vizuri.

"Sista, mvua ikikata tu, tunaishusha hiyo nyumba," alisema. "Juni msingi, Desemba watu wakipanda kuja Krismasi wanakuta kitu cha maana. Pasaka nakuja, tukae kikao."

"Kuishusha vipi?"

"Kuibomoa. Kwani vipi?"

Nilisema sawa. Nilikata simu, nikapanga vikaratasi kwa rangi, na baada ya kula mchana ndipo nilipogundua kwamba sikubaliani naye hata kidogo. Akibomoa, sura ya nne itakuwa imeandikwa juu ya kifusi. Na baba atakuwa hana alichobakiza hapa duniani zaidi ya kaburi la vigae na sisi wawili, ambao si kazi yake bora.

Ijumaa, Machi 20

Mama anasema Isack humpigia kila siku. Sikujua. Nilidhani anaongea na wanakwaya.

Jumatano, Machi 25

Leo nimefanya kazi. Nimeandaa hoja za kikao, nikatumia sura ya nne yenyewe. Naiandika hapa kwa kifupi nisije nikababaika.

Baba alipokuwa kijana aliiona veranda ya nyumba ya mchungaji, yenye nguzo na matao, akaipima kwa nyayo Jumapili baada ya ibada, watu wakidhani anatembea tu. Akaja kuijenga hapa, kwa mawe ya mtoni. Uso wote wa nyumba unatazama chini, barabarani: matao, madirisha marefu, milango miwili. Ila upande wa juu, unaoelekea mlimani, ni ukuta mtupu kutoka pembe hadi pembe. Hauna dirisha hata moja. Nimeandika kurasa tatu juu ya ukuta huo. Nimeeleza kwamba mababu walikuwa wakiuelekea mlima kwa heshima, na kwamba kizazi cha baba, kilichobatizwa na kusoma, kiliupa mlima mgongo na kuitazama barabara. Nimekiita "kizazi kilichogeuka". Profesa aliandika pembeni, "Safi sana." Ni mahali pekee alipowahi kuandika hivyo.

Jumapili, Machi 29

Kanisani. Mchungaji ametangaza kipaimara. Mlima haujaonekana tangu tarehe nne, umefunikwa wote.

Ijumaa Kuu, Aprili 3

Isack amefika na gari lililojaa tope hadi vioo. Amemletea mama gambuti, dawa ya magoti, na karatasi ndefu iliyoviringishwa ambayo ni ramani ya nyumba mpya. Sikuiomba niione. Mimi ni mwanahistoria wa majengo, nazijua nyumba hizi mpya zote: paa la migongo mingi, nguzo mbili nene kama miguu ya tembo, chumba cha masta, dari la jipsamu.

Alipiga magoti kumjaribisha mama gambuti. "Zinabana?" "Hazibani." "Tembea nione." Mama akatembea sebuleni huku na huku, akicheka.

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 6

Kikao kilifanyika kwenye veranda, mvua ikipiga bati hivi kwamba baba mdogo Ndelilio ilibidi aombe sala ya kufungua kwa kupaza sauti, kama anayemwita Mungu ng'ambo ya korongo. Yeye ndiye aliyebaki wa kizazi cha baba, naye ndiye mwenyekiti. Pombe ya mbege ilikuwepo, supu ya mtori ilikuwepo, mjomba na shangazi zangu walikuwepo. Mama alikuwa akipita na sahani.

Isack alianza. Alisema nyumba imechoka, mbao za dari zimeliwa, choo kiko nje na mvua hii. Hakusema kwa ubaya. Baba mdogo akanigeukia.

"Haya, msomi wetu. Na wewe sema, tusije tukaandikwa vibaya."

Walicheka. Nami nikasoma. Nilisoma vizuri, nilikuwa nimejiandaa. Nilieleza matao, nilieleza mawe ya mtoni, nilieleza kizazi kilichogeuka. Nilisema kuvunja si kazi, kazi ni kujenga, na kwamba nyumba hii ni ya watu wote wa mlima huu na si ya mtu mmoja mwenye haraka. Shangazi alifuta macho. Mjomba akasema, "Kumbe Yoramu alikuwa mtu mkubwa hivi?" Baba mdogo Ndelilio akasema maneno ni mazuri, lakini kwa mila mwenye nyumba ni Isack, ila Isack naye ni mtoto msikivu, pengine tuahirishe hadi mwakani.

"Mwakani hapana," alisema mama.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule na sahani za mtori. Sijawahi kumsikia mama akisema kwenye kikao, na nadhani hakuna aliyewahi.

"Shemeji, mmeuliza watoto. Mimi hamjaniuliza."

"Samahani, mama Isack. Sema."

"Ibomoeni."

Baba mdogo alikohoa. "Elinipendo, hii ni kazi ya mumeo."

"Ni kazi yake, nimeikalia mimi. Ibomoeni. Mtori unapoa."

Akagawa sahani. Mvua ilikuwa kubwa sana. Isack hakunitazama kama mtu aliyeshinda, alitazama chini. Nilimaliza mtori wangu wote, nikarudia.

Jumanne, Aprili 7

Isack amerudi Dar.

Jumatano, Aprili 8

Mvua.

Jumamosi, Aprili 11

Mvua. Nimelala mchana. Mama alinifunika khanga, sikuigusa wala sikuitoa.

Jumanne, Aprili 14

Profesa anauliza mpangilio umefikia wapi. Nimemwambia umefikia pazuri.

Ijumaa, Aprili 17

Kwa kuwa sina la kufanya, nimerudia kusikiliza mahojiano yangu tangu la kwanza. Kila mahali nabisha hodi na kusema, "Namwomba mwenye nyumba." Kila mahali analetwa mwanamume. Pale ambapo mwanamume yuko Dar au Arusha, wanampigia simu, naye ananieleza nyumba anayolala wiki mbili kwa mwaka. Na kila mahali, nyuma ya sauti yake, kuna mtu anayefagia, anayeosha vyombo, anayesema karibu chai, anayekosoa kitu kwa chini. Kwenye maandishi yangu nimewaandika wote kwa maneno matatu ndani ya mabano: (sauti ya nyuma). Mabano hayo yamejaa tasnifu nzima.

Kwa Kiswahili chetu, mwenye nyumba ni nani, mbona hata sikujiuliza? Mpangaji akisema mwenye nyumba anamaanisha anayepokea kodi. Jirani akisema mwenye nyumba anamaanisha aliyejenga. Hakuna anayemaanisha anayeijua ilivyo saa za mchana wakati wengine wameondoka.

Jumatatu, Aprili 20

Nimefika kwenye mahojiano ya baba. Nilikuwa nayakwepa kwa sababu niliogopa kwamba sitahisi kitu nikimsikia. Sikuhisi kitu. Sauti yake ni ileile, anacheka anapoeleza alivyopima veranda kwa nyayo. Kisha namuuliza juu ya ukuta wa upande wa juu, na kabla hajajibu, mama anasema kitu kwa Kichagga kutoka jikoni. Nimeandika pale: (sauti ya nyuma). Leo nimerudisha na kusikiliza tena.

Anasema, "Mwambie na habari ya dirisha."

Baba anacheka kidogo, anasema, "Huo ukuta ni wa upepo," halafu anaendelea na mawe ya mtoni.

Jumanne, Aprili 21

Nimemkuta mama anamenya ndizi mezani. Siku hizi vikaratasi viko chini na ndizi ziko juu. Nilichukua kisu nikakaa mkabala naye.

"Mama, dirisha gani?"

Hakuniuliza nimelitoa wapi. "La chumbani. Upande wa juu."

"Ulilitaka la nini?"

"Si Eliona yuko kule."

Eliona ni mtoto aliyenitangulia. Nalijua jina lake kwa sababu mama humtaja kwenye sala, baada ya wagonjwa na kabla ya wasafiri, na nilikua nikidhani ni jina la sala. Alikufa kwa surua akiwa anatambaa. Alizikwa nyuma, kwenye migomba, pana mawe pale mama anapopalilia. Wakati huo kuta za nyumba hii zilikuwa zimefika kiunoni. Mama alimwomba baba upande ule iachwe nafasi ya dirisha, ili akiamka awe anamwona mtoto. Baba akasema mafundi wameshapima, wamalize kwanza, mwakani atalitoboa.

"Alikataa?"

"Baba yako hakuwa mtu wa kukataa. Alikuwa mtu wa mwakani."

"Ukawa unamkumbusha."

"Mwanzoni. Ukaja mwaka wa dari, ukaja mwaka wa ada zenu. Nikaacha. Ile siku ulikuja na kinasa sauti chako, nikadhani kwa kuwa unaandika, ataona haya."

Na mimi nilikuwa nimeandika. Nilimweleza zile kurasa tatu, mlima na mgongo na kizazi kilichogeuka. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ni maneno mazuri," alisema. "Hizo ndizi menya, usizikate."

Jumatano, Aprili 22

Sihisi kitu, lakini sijala.

Alhamisi, Aprili 23

Nimepata wazo, nikampigia Isack. Nilimwambia tutoboe dirisha, tuache nyumba. Akasema, "Muulize mwenyewe." Nilimuuliza mama akiwa anakata majani ya ng'ombe.

"Dirisha la sasa ni lenu," alisema. "Langu lilikuwa la wakati ule."

Ijumaa, Aprili 24

Nimeifungua ramani ya Isack. Ilikuwa imeegemezwa nyuma ya kabati tangu Pasaka. Paa lina migongo mingi kama nilivyotabiri, na nguzo ni za tembo. Lakini chumba cha mama kiko upande wa juu, na ukutani pana dirisha kubwa kuliko yote ya nyumba, limechorwa kwa peni juu ya kazi ya mchoraji, mistari ikitetemeka.

Nilimtumia Isack picha nikauliza nani kachora.

"Maza mwenyewe," akaandika. "Desemba. Mzee akiwa bado hai. Nilimuuliza anataka nyumba gani."

Nimesoma miaka mingi kuliko Isack. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kumuuliza mtu swali hilo.

Jumanne, Mei 5

Nimeanza kurudi kwenye nyumba za utafiti, kwa gambuti za mama. Sasa nikibisha hodi nasema, "Namtafuta anayelala hapa." Mama mmoja ameniuliza kama nimetumwa na polisi. Mwingine, Epifania, ambaye mumewe alinipa saa nzima ya ngazi za zege, amenionyesha zile ngazi na kusema anazishuka kwa makalio tangu nyonga imharibikie. Aliomba mteremko. Aliambiwa mteremko unaharibu sura ya nyumba.

Jumatatu, Mei 11

Mvua imepungua, ila barabara imekatika pale kwenye daraja. Karibu kila nyumba ina kitu kilichoombwa: jiko lililoungana na nyumba, mlango wa pili, kivuli cha kuanikia, kitasa cha ndani. Wanakisema haraka, wakicheka, kana kwamba wanataja mchumba wa zamani. Kisha wanasema, "Hayo usiandike." Mmoja tu alisema, "Andika."

Jumatatu, Mei 18

Nimepanga sura asubuhi moja, bila kutandaza chochote. Ya kwanza, Vilivyojengwa. Ya pili, Vilivyoombwa. Ya tatu, Vya Mwakani. Ya nne, nyumba hii. Zile kurasa tatu za mlima nimezitoa. Nilitegemea ziume, hazikuuma.

Ijumaa, Mei 22

Profesa amejibu kwa maandishi, jambo ambalo si kawaida yake. "Sasa imesimama. Hata mimi ile 'safi sana' naomba niifute. Lakini sura ya nne utaifunga vipi, na nyumba inabomolewa?"

Nimemjibu sijui. Nikaenda kukata majani.

Jumatano, Mei 27

Tumehamishia vitu kwa baba mdogo Ndelilio. Vyote vimeenea kwenye gari moja. Baba mdogo amemtengea mama chumba, kisha akamuuliza anataka kitanda kikae upande gani. Alimuuliza kwa aibu, akitazama dari.

Jumamosi, Mei 30

Leo haikunyesha. Fundi Sirili amepanda kutoka Pasua, kule mjini, na wenzake wawili, wakaegemeza ngazi kwenye veranda ili waanze kuvua bati. Mama akawaambia waanze na ukuta wa chumbani, upande wa juu.

"Mama, nyumba inavuliwa kofia kwanza," alisema Sirili. "Ukianzia ukutani unaweza kutuua."

"Sitaki wote. Nataka hapa tu." Akaonyesha kwa viganja viwili, usawa wa kifua chake.

Sirili alinitazama mimi. Nilimwambia amsikilize mwenye nyumba. Akaingia ndani na tindo na nyundo, mawe yakaanza kutoka moja moja, na vumbi lilipotulia mwanga ukaingia kwenye chumba cha wazazi wangu kwa mara ya kwanza tangu kijengwe. Sakafu ni nyekundu. Kwenye tasnifu nimeandika kwamba ni nyeusi.

Mama alileta kiti cha plastiki, akakiweka pale kilipokuwa kitanda, akaketi. Mafundi walitoka wenyewe, bila kuambiwa, wakakaa kwenye veranda na chai. Simu yangu ikaita, ni Isack.

"Wameanza?"

"Wameanza."

"Wamefika wapi?"

"Dirishani."

Hakuuliza dirisha gani. Nilisikia magari ya Dar, halafu akasema, "Basi mwacheni kwanza."

Nilisogea nikasimama nyuma ya kiti. Nje palikuwa na migomba iliyolowa, na chini yake yale mawe, yamezungushiwa maua ya njano niliyoyajua maisha yangu yote kama "maua ya mama". Ni karibu mno. Mtu aliyelala angeweza kuyaona bila kuinua kichwa. Na Sirili alikuwa ametoboa kabla chai haijachemka. Chai moja tu, baba. Pale ndipo nilipomkasirikia. Nilimkasirikia mtu niliyempenda, niliyemwandikia sura nzima, aliyepima veranda ya mchungaji kwa nyayo na hakuwahi kupima hatua za kutoka kitandani hadi kwa mtoto wake. Ni kitu cha kwanza nilichohisi tangu tumzike. Machozi yalikuja nyuma ya hasira hiyo, mengi, yenye sauti, na wala sijui nilikuwa namlilia nani kati yao.

Mama hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma akanishika kiganja, akakishikilia vilevile akitazama nje.

"Lia," alisema. "Nilikuwa nashangaa."

Tulikaa hivyo mpaka mafundi walipomaliza chai na kuanza kukohoa kwa adabu nje ya mlango. Mama aliinuka, akanipa kiti nikibebe.

"Endeleeni, wanangu," aliwaambia. "Mimi nimeshaona."